Karanga za Waheshimiwa

Hebu niambieni, ninyi mnaotafuna hapo: hicho kikaratasi kilichofungia karanga zenu, mmekisoma kabla ya kukitupa?

Hamjakisoma. Nilijua! Haya, kikunjueni. Kuna maandishi, si ndiyo? Basi kuna mtu aliyaandika. Alikaa, akafuta, akaandika tena, akasahau chakula cha mchana. Leo maneno yake yamejaa chumvi na maganda. Yalifikaje hapo? Sogeeni. Na wewe wa nyuma acha kusinzia.

Ilikuwa kale, tena kale yenyewe, wanyama walipokuwa na nyumba, nyumba zikiwa na milango, na milango ikiwa na makufuli. Katika kanda ya Mito Mitatu kulikuwa na Umoja wa Waandishi. Ubao mkubwa nje, ukumbi mkubwa ndani, na nyuma ya ukumbi, stoo.

Mwenyekiti wa Umoja alikuwa Kiboko. Mdomo wake ulikuwa kama mlango wa ghala, na kazi yake kubwa ilikuwa kupiga miayo kwenye vikao. Alipenda karanga kupita kiasi, lakini vidole vyake vilikuwa vinene mno kufungua kikaratasi. Afanyeje? Alikuwa anakitupa mdomoni kizima kizima, karanga na karatasi pamoja. Gwap!

Katibu Mkuu alikuwa Faru. Haoni mbele ya pembe yake, wallahi, na miwani hataki. "Miwani ni ya wazee," anasema, mzee mzima.

Mratibu wa Semina alikuwa Bi Mbuni. Yeye alivaa beji shingoni, na kwa shingo ile, beji zilienea kumi na mbili.

Walikuwa wanafanya nini? Semina! Jumatatu, semina ya kuandaa semina. Jumanne, semina yenyewe. Jumatano, semina ya kutathmini ile ya Jumanne. Alhamisi wamechoka.

Lakini Umoja ulikuwa na desturi moja nzuri, sitaki kuwadanganya. Waasisi waliiweka. Mwandishi akileta mswada wake, viongozi watatu wanausoma. Akimaliza kusoma, kila mmoja anakanyaga wino na kuweka unyayo wake kwenye ukurasa wa mwisho. Maana yake: nimesoma mpaka hapa, sikuruka hata neno. Mswada ukipata nyayo tatu unasomwa kwenye Tamasha mbele ya wanyama wote. Na katiba iliandika hivi: chenye nyayo tatu ni kauli ya Umoja, hakipingwi na yeyote.

Hiyo ishikeni vizuri. Tutarudi.

Sasa, katika kanda hiyo aliishi Nguchiro. Mwembamba, mwepesi, hatulii. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akiona mlango umefungwa, lazima ajue nyuma yake kuna nini. Atasimama kwa miguu miwili, achungulie, anuse, aulize, aulize tena.

Nguchiro aliandika kitabu. Kilimhusu bibi mmoja aliyeingia kwenye shimo refu ili ajue mwisho wake uko wapi. Alikiandika miaka mitatu. Nakala ilikuwa moja tu, maana fotokopi zama hizo hazipo. Akaifunga kwa kamba nyekundu, akaipeleka Umoja, akasubiri.

Akasubiri masika. Akasubiri kiangazi. Akasubiri masika mengine. Jumatatu moja akasema, "Hapana aisee, naenda."

Alimkuta Bi Mbuni kaunta.

"Shikamoo, Bi Mbuni."

"Marahaba. Una appointment?"

"Nimekuja kuulizia mswada wangu. Ule wa kamba nyekundu."

"Uko kwenye process."

"Process iko chumba gani, nikausalimie?"

"Binti!" Bi Mbuni akanyoosha shingo mpaka darini. "Kazi yako tumeipitia kwa makini sana."

Nguchiro akasimama kwa miguu miwili. Macho yakamng'aa. "Kweli? Mliipenda sehemu gani?"

Bi Mbuni akameza mate. Kwa shingo ile, mate yalisafiri safari ndefu kabla ya kufika.

"Ile ya... katikati."

"Katikati bibi yumo shimoni. Wewe unaonaje, alitoka au hakutoka?"

"Mambo ya ndani hayajadiliwi kaunta. Next!"

Nyuma ya Nguchiro hapakuwa na mtu. Next nani?

Akatoka. Njaa inamuuma. Nje ya geti alikaa Mama Ngiri, muuza karanga. Nguchiro alikuwa na ndizi mbili, wakabadilishana: ndizi mbili kwa kikaratasi kimoja cha karanga. Akafungua. Akala moja. Akala ya pili. Ya tatu ikakwama kooni.

"Mama Ngiri!"

"Abee, mwanangu. Zimeungua?"

"Hapa kwenye karatasi kuna shairi."

"Ndiyo, yapo mengi tu. Juzi nilifungia moja la mapenzi, Pundamilia akarudi kuuliza kama kuna lingine."

"Unazitoa wapi hizi karatasi?"

"Si hapo ndani? Bi Mbuni ananipa furushi, mimi nawapa karanga za vikao. Karatasi safi, nene, hazivuji mafuta." Mama Ngiri akapuliza maganda, fuuu! "Furushi hili naelekea kulimaliza. Ijumaa napewa lingine. Kaniambia liko tayari, rafu ya dirishani, limefungwa kamba nyekundu."

Mkia wa Nguchiro ukasimama kama ufagio.

Ijumaa! Na leo Jumatatu!

Akarudi mbio kaunta, tip tip tip tip. "Nirudishieni mswada wangu. Sitaki tena usomwe kwenye Tamasha. Nirudishieni tu."

"Mswada ukishapokelewa ni mali ya Umoja," akasema Bi Mbuni bila kuinua kichwa. "Haurudishwi. Soma kanuni."

"Kwani ninyi mmeshazisoma?"

"Toka!"

Basi akaenda kwa Kobe. Kobe alikuwa mshairi, na lile shairi la kwenye karanga lilikuwa lake. Nguchiro alilitambua kwa mwandiko tu: Kobe anaandika kila herufi kama anayejenga nyumba. Alimkuta nyumbani akinoa kalamu.

"Shikamoo, mzee. Utenzi wako wa Mito Mitatu uliupeleka lini Umoja?"

"Marahaba. Ni mwaka wa kumi na moja huu. Wananiambia uko kwenye process." Kobe akatabasamu. "Kazi nzuri haitaki haraka."

Nguchiro akamwekea kikaratasi mkononi. Kobe akakitazama. Akakigeuza. Kisha akauliza polepole:

"Hizi karanga zilikuwa za chumvi au za sukari?"

"Za chumvi, mzee."

"Mh." Kobe akavuta kichwa ndani ya gamba, na kutoka humo ndani sauti ikasikika ndogo: "Ubeti wa arobaini. Huu niliuandika mara tisa."

Nguchiro alikaa naye mpaka kichwa kikatoka tena. Macho ya Kobe yalikuwa mekundu.

"Mzee, nataka kujua kitu kimoja. Ile miswada yenye nyayo tatu, inayosomwa kwenye Tamasha, wanaisomaje? Faru haoni. Kiboko anasinzia. Bi Mbuni hakai chini."

"Usichokonoe, mwanangu. Wale ni wakubwa."

"Nachungulia tu."

Jumanne asubuhi akapanda dirisha la ukumbi, akasimama kwa miguu miwili. Ndani, Kiboko alikuwa mbele ya mswada wa mpwa wake. Jalada la dhahabu. Akafungua ukurasa wa kwanza. Palikuwa na shukrani: Namshukuru sana Mwenyekiti wetu mpendwa.

"Huyu kijana ana kipaji!" Kiboko akanguruma. Akafungua ukurasa wa mwisho, akakanyaga wino. Pwaa! Unyayo.

"Nami nimetajwa?" Faru akauliza.

"Mstari wa pili."

"Very powerful," Faru akasema, akiutazama ukuta. Pwaa!

"Nami?" akauliza Bi Mbuni akipita mbio kwenda kwenye chai.

"Mstari wa tatu."

Pwaa! Wala hakusimama.

Nguchiro akashuka dirishani taratibu. Sasa alijua. Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho. Katikati hapana mtu aliyewahi kufika, ni pori lisilokanyagwa.

Akaandika kutwa nzima. Jumatano asubuhi akatokea ukumbini na kitabu kinene cha kurasa sitini, jalada lina maua.

"Shikamooni, waheshimiwa!"

"Huyu si yule wa process?" Bi Mbuni akanong'ona.

"Ndiye, na nimekuja kuomba radhi," akasema Nguchiro, ameinamisha kichwa kama mwenye adabu zote za dunia. "Jana nilijifikiria. Nikaona kosa ni langu. Naandika habari za vibibi na mashimo wakati tuna mashujaa hapa hapa. Ndiyo nikaandika hiki: *Nguzo Tatu za Fasihi ya Mito Mitatu*."

Kiboko akaacha mwayo katikati. "Nguzo zipi hizo?"

"Jamani, mzee! Kwani kanda hii ina nguzo ngapi?"

Wakasogea. Ukurasa wa kwanza, shukrani tupu. Kiboko, mdomo unaobubujika hekima. Faru, jicho linaloona mbali. Bi Mbuni, shingo inayoinua waandishi wadogo. Kiboko akasoma kwa sauti, akarudia jina lake mara tatu.

"Jicho linaloona mbali," Faru akasema, na sauti ikamtetemeka. "Finally, mtu ameona."

"Waheshimiwa, naomba mkisome chote," akasema Nguchiro. "Mimi nitangoja hapo nje hata mpaka jioni. Msije mkaweka nyayo kwenye kitu ambacho hamkijui."

Mmesikia? Aliwaambia! Mdomo wake mwenyewe uliwaambia!

"Unatufundisha kazi?" Kiboko akafoka. Pwaa! Pwaa! Pwaa! Nyayo tatu kwenye ukurasa wa sitini, wino haujakauka. "Kesho ndicho kitakachofungua Tamasha. Utakisoma wewe mwenyewe."

"Asante sana, mzee. Nitajitahidi."

Alhamisi ikafika. Uwanja wa Tamasha ulijaa mpaka ukingoni mwa mto: swala, ngedere, nungunungu, fuko aliyekuwa hajatoka chini tangu masika, na waandishi wote wa kanda, wale walio kwenye process. Kobe alikuwa ameanza safari tangu jana ili awahi.

Meza kuu ilipambwa. Karanga zikaletwa. Mama Ngiri alikuwa ameishiwa karatasi, kwa hiyo asubuhi ile Bi Mbuni alimchomolea kurasa chache kutoka katikati ya furushi la Ijumaa. Kiboko akatupa kikaratasi kimoja mdomoni. Gwap! Cha pili. Gwap! Cha tatu.

Akasimama. "Ndugu waandishi! Leo tunafungua na kazi nzito. Mimi na wenzangu tumeisoma neno kwa neno."

Nguchiro akapanda jukwaani. Kiti kirefu kuliko yeye, kwa hiyo akasimama juu yake kwa miguu miwili.

"Kabla sijaanza, nina swali dogo, mnisamehe, mimi naumwa maswali. Mheshimiwa Katibu, umesoma kweli mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho!" Faru akagonga meza. "Ukurasa wa arobaini nililia."

"Ulilia?"

"Kama mtoto."

"Nawe Bi Mbuni?"

"Arobaini ni mzuri, ila hamsini ndio ulionitoa machozi. What a page!"

"Mzee Mwenyekiti?"

"Zote nzuri," akasema Kiboko. "Soma, binti, watu wanangoja."

"Basi nianze na huo wa arobaini, uliomliza Katibu Mkuu." Nguchiro akafungua, akakohoa, akasoma:

"Karanga karanga karanga karanga. Karanga karanga karanga. Karanga."

Swala wakatazamana.

"Ukurasa wa hamsini, uliomtoa machozi Bi Mbuni: Karanga. Karanga karanga. Je, karanga? Karanga."

Mahali fulani nyuma ngedere mmoja akacheka, hiii! Akafuata wa pili. Kisha uwanja mzima ukapasuka, swala wamelaliana, nungunungu anachoma jirani zake kwa kucheka, fuko anauliza, "Kasemaje? Kasemaje?"

"Hii ni hila!" Kiboko akanguruma. "Mshusheni!"

"Bado ukurasa mmoja, mzee. Wa hamsini na tisa, ule unaopakana na nyayo zenu." Na sasa Nguchiro hakuwa anacheka. Akasoma kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto:

"Sisi viongozi wa Umoja tunatamka kwamba tangu leo, miswada yote iliyoko stoo irudishwe kwa wenyewe. Ufunguo wa stoo utundikwe nje ya mlango. Na kiongozi yeyote, kabla hajasema ndiyo au hapana, atausoma mswada kwa sauti, mwenye mswada akiwa amekaa mbele yake. Tumeweka nyayo zetu."

Akakigeuza kitabu kuelekea watu. Nyayo tatu. Ule mpana kama sinia, ule wa kucha tatu, na ule wa vidole viwili vya mbuni. Mnyama gani asiyezijua?

"Hatukukubali hayo!" akapiga kelele Bi Mbuni.

"Basi nichagulieni moja," akasema Nguchiro. "Mlikisoma, na hiyo ndiyo kauli ya Umoja, katiba inasema haipingwi. Au hamkukisoma, mmetudanganya hapa sasa hivi, mbele ya kanda nzima, machozi na yote. Mimi mwenyewe natamani sana kujua. Ni lipi?"

Kiboko akamgeukia Faru.

"Tulisoma," Faru akanong'ona, akitazama upande ambao hapakuwa na mtu. "Bora tuseme tulisoma."

"UFUNGUO!"

Nani alisema? Kobe. Miaka kumi na moja hakuwahi kuinua sauti. "Ufunguo!" Na uwanja ukaitikia: "Ufunguo! Ufunguo! Ufunguo!"

Bi Mbuni akafukua katikati ya zile beji kumi na mbili. Ufunguo ulikuwa umening'inia hapo siku zote, nyuma ya ile iliyoandikwa *Mlezi wa Waandishi*.

Krrr! Stoo ikafunguliwa. Jamani, miswada! Mpaka darini! Ya walio hai na ya waliokufa wakisubiri jibu. Kobe alipata nusu ya utenzi wake, ile nusu nyingine kanda nzima imeshaila na chumvi. Akaipangusa, akaikumbatia. Nguchiro akaruka rafu ya dirishani. Kamba nyekundu ilikuwepo, lakini imelegea. Akahesabu kurasa haraka haraka. Akahesabu tena. Zilipungua tatu.

Akaubeba mswada mpaka uwanjani, akauweka mbele ya Kiboko, akakaa.

"Soma, mzee. Kauli ya Umoja."

Kiboko akatazama huku na huku. Kanda nzima imesimama. Akapiga mwayo, akaanza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Bibi mmoja. Shimo moja. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Wa tano, hakupiga mwayo tena. Wa kumi, alikuwa ameinama hata pua inagusa karatasi.

"Anashuka tena?" akasema peke yake. "Huyu bibi ana wazimu. Kumbe kule chini kuna mlango?"

Akafunua. Akafunua haraka. Mara akasimama.

"Imekatika! Hapa ameshika mlango, anasukuma. Karatasi inayofuata bibi yuko nyumbani, anakunywa uji. Kule nyuma ya mlango aliona nini? Binti, kurasa ziko wapi?"

Nguchiro akamtazama.

"Zilikuwa tatu, mzee. Zilifunga karanga asubuhi ya leo. Za meza kuu."

Kiboko akaanza kuhesabu. Gwap. Gwap. Gwap. Akashika tumbo lake kwa mikono yote miwili.

"Nakuomba," akasema, na sauti ya Mwenyekiti ilikuwa imeisha, imebaki ya msomaji tu. "Niambie basi kwa mdomo. Aliona nini?"

"Niliandika mara moja," akasema Nguchiro, "na nakala ilikuwa moja. Nitajaribu kukumbuka. Itachukua muda. Iko kwenye process."

Akafunga kamba yake nyekundu, akaenda nyumbani kuandika. Na Kiboko, wanasema, kila asubuhi alikuwa nje ya mlango wa Nguchiro, amekaa, anauliza kama kuna kipya.

Somo ni hili: anayedai kasoma asichokisoma, ipo siku ataulizwa ukurasa wa arobaini.

Basi nanyi, waheshimiwa wa leo, mnaotuandikia "tumepitia kazi yako kwa makini" bila kutaja hata jina la bibi wa mtu: acheni hiyo semina. Fungueni stoo. Tundikeni ufunguo nje. Kisha kaeni chini mbele yetu, mtusomee kwa sauti, kuanzia ukurasa wa pili.